Kibatari cha Giles

Asubuhi ile Edwina Tuffley alipoinamia chungu chake dirishani, hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Aliliinua ua kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayemwinua kidevu mtoto aliyenuna, akachungulia ndani. Akachungulia tena. Kisha akaenda kuchemsha chai, kwa sababu alichokiona hakikuwa na mjadala na alikuwa bado hajanywa chai.

Ndani mlikuwa na njano. Si njano ya kubahatisha, ile ya mtu kujidanganya kwa kutamani, bali njano ya kiini cha yai. Petali tatu za nje zilikuwa nyeupe pe, kama kawaida ya maua ya theluji, yale madogo ya kuinamisha kichwa yanayochanua baridi ikingali kali. Tatu fupi za ndani nazo zilikuwa nyeupe, na kwenye ncha zake, mahali ambapo kila ua la theluji huwa na doa la kijani, hili lilikuwa na doa la njano. Hata kile kikofia kidogo kinachoshikilia petali kwa juu kilikuwa cha njano.

"Haya," akasema peke yake, akikoroga chai. "Sasa tuone yule bibi atasema nini."

Wazimu wa watu wa vilima vile vya Gloucestershire, Uingereza, lazima uujue, la sivyo utawaona wendawazimu kweli. Mwezi wa pili, watu wenye akili zao wanapokaa ndani karibu na moto, wao huvaa mabuti, wakaenda kupiga magoti kwenye matope, makalio juu, wakifunua maua meupe moja moja. Wengine hubeba kile kioo kidogo cha mganga wa meno ili wachungulie chini ya ua bila kuvunjika mgongo. Hubishana juu ya doa, juu ya umbo la doa, juu ya jani kukunjwa hivi au vile, na kila tofauti ina jina lake. Kwa mpita njia maua yote ni yaleyale. Mwambie mmoja wao maneno hayo uone kama utapewa hata maji ya kunywa.

Edwina alikuwa mmoja wao na wala hakuomba radhi kwa hilo. Alikuwa daktari wa mifugo hadi alipostaafu, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyokwisha kuvuta ndama wengi kutoka matumboni mwa mama zao. Akisema hili ni hili, huwa ni hili. Ndiyo maana jambo alilofanyiwa lilimkaa kooni.

Ua lile la njano liligunduliwa na Giles Brockhurst, rafiki yake, mpima ardhi aliyekuwa haendi msituni bila kurudi na udongo mifukoni. Alilikuta kaskazini, chini ya mti ulioanguka, akaleta nyumbani kitunguu chake kimoja, kile kitunguu cha ardhini ambacho ua huota kwacho, si cha kuliwa. Ua lenyewe akaliita Kibatari, maana alisema lilikuwa limewaka peke yake gizani. Kitunguu hicho kilizaa vingine polepole, na vilipotosha kugawanywa, Giles aliwapa watu wawili tu duniani. Alimpa Edwina, halafu akampa dada yake mwenyewe, Hilary. Huo mpangilio, wa kuanza na Edwina, Hilary hakuusahau.

Misimu ya mwanzo Kibatari kilichanua njano kwenye bustani ya Edwina. Baadaye njano ikaanza kufifia. Ulipofika msimu wa baridi ambao Giles alilazwa hospitali, ua la Edwina lilikuwa limegeuka kijani kama maua ya kila mtu. Kwa kuwa wodini waliruhusiwa ndugu tu, Edwina alipiga picha akampa Hilary ampelekee, na swali moja: "Muulize Giles, ua limeharibika lenyewe, au mimi ndiye nimeliharibu?" Jibu halikuja. Kabla mwezi haujaisha, Giles alikuwa amezikwa.

Kisha kikaja chakula cha mchana cha mwezi wa pili, ambapo wapenzi wa maua ya theluji hukutana kula supu na kutukanana kwa heshima. Huwa kuna meza moja ndefu ya maua yanayotafutiwa jina, kila ua katika kikombe cha yai, na Hilary Brockhurst ndiye anayepita kuyasoma, kwani hakuna jicho lililoaminika kama lake. Ua likiwa na thamani, huandikiwa jina. Likiwa la kawaida, husema "la kawaida" na kulitupa katika ndoo iliyo chini ya meza. Mwaka ule Edwina alileta ua lake la kijani, akaweka kadi iliyoandikwa Kibatari, kwa heshima ya marehemu. Hilary, katika nguo zake nyeusi, aliliinua kwa kidole, akatazama, akasema, "La kawaida." Akalidondosha ndooni.

Hakuna aliyemwambia Edwina neno usoni. Waingereza hawana desturi hiyo. Lakini minong'ono ilizunguka vilima vyote kwamba Edwina alikiuza Kibatari cha kweli kwa mtu wa mbali, akapanda ua la kawaida mahali pake, na sasa anawafanya watu wajinga, tena juu ya kaburi bichi. Kadi za mwaliko zikakoma. Na jambo baya zaidi, watu wakaacha kumgawia vitunguu. Miongoni mwa watu hawa, anayeacha kugawiwa ni kama amehamishwa kijiji.

Edwina hakulia. Alikasirika, na hasira yake ni ya kufanya kazi. Akajiuliza, ikiwa ua ni lilelile na mimi ni yuleyule, kilichobadilika ni nini? Ng'ombe akipauka manyoya hatazamwi yeye tu, hutazamwa pia malisho yake. Bustani yake ilikuwa juu ya mawe ya chokaa matupu, kama vilima vyote upande ule. Msitu alikolitoa Giles ua lake ulikuwa na udongo mchachu wa misonobari. Akachimba vitunguu vichache, akavitia katika chungu chenye udongo wa majani ya misonobari yaliyooza, akavingoja. Mwaka wa kwanza vilichanua kijani chenye aibu. Mwaka huu, njano.

Alikuwa hajamaliza chai yake mlango ulipogongwa.

"Hodi, Edwina! Usinifungie nje, nina habari na miguu imeganda."

Alikuwa Barnaby Stiddard, mwenyekiti wa kile chakula cha mchana, dalali mstaafu wa minada ambaye mdomo wake haukupata kustaafu.

"Miguu yako iliganda tangu ulipozaliwa," alisema Edwina. "Futa matope. Kaa kile kiti cha karibu na moto."

Kiti kile kilikipa mgongo chungu cha dirishani, na pazia likaficha kilichobaki. Edwina hakufanya hivyo kwa bahati.

"Ya Hilary yameoza," alisema Barnaby hata kabla hajaketi vizuri.

"Nini kimeoza?"

"Kibatari. Chote. Ukungu wa kijivu, baada ya ile mvua ya mwezi wa kwanza iliyokataa kukatika. Amechimba ameona uji mtupu. Jirani yake anasema alikaa chini kwenye tope akalia, yule Hilary ambaye hata mazishini hakulia."

Edwina alikiweka kikombe chini. Hakufurahi, ingawa alikuwa ametegemea kufurahi siku ya namna hiyo ikifika. Alimwona Giles akiinama juu ya kitunguu chake kimoja, akicheka mwenyewe.

"Kwa hiyo basi," Barnaby akaendelea, "Kibatari hakipo tena duniani. Isipokuwa..." Akakohoa.

"Isipokuwa nini?"

"Aa, hamna."

"Isipokuwa kwa yule niliyemuuzia. Ndivyo ulivyotaka kusema."

"Mimi sijasema."

"Umesema, Barnaby, nimekusikia kwa masikio haya."

"Nimekohoa tu, mama! Mtu hakohoi?"

"Kunywa chai yako ikutoe kikohozi. Na mwaka huu nakuja kula supu yenu."

Barnaby alikunja uso. "Edwina, we! Hujaalikwa."

"Basi nialike."

"Hilary atasemaje?"

"Wewe ni mwenyekiti au pambo la meza?"

Barnaby alitazama chai yake kana kwamba jibu limezama humo. "Utaleta vurugu?"

"Nitaleta ua moja, kwenye kikombe cha yai, bila kadi wala jina. Kuna sheria inayokataza?"

Sheria haikuwapo. Barnaby alikwenda zake akikuna kichwa, na Edwina akavuta pazia.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angepeleka ua moja la kijani kutoka bustanini, lisilo na jina. Hilary angeliinua, angesema la kawaida, angelitupa ndooni. Hapo Edwina angesimama, angetoa kapuni kile chungu cha maua ya njano, angekiweka mezani na kuwaeleza watu wote kwamba ua la ndooni na ua la chunguni ni kitunguu kimoja, kwamba chokaa ndiyo iliyoiba rangi, na kwamba jicho la Hilary Brockhurst halioni mbali hivyo. Angemvua nguo hadharani kama yeye alivyovuliwa. Kuhusu kumgawia Hilary ua la kaka yake au kumnyima, hapo ndipo alipokuwa hajakata shauri. Mara alisema atampa kitunguu kimoja baada ya kuombwa radhi mbele ya watu. Mara alisema hatampa hata jani kavu.

Siku ilipofika, ukumbi wa kijiji cha Coldacre ulinuka supu ya vitunguu majani na makoti mabichi. Watu walimwona Edwina akiingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa, na mazungumzo yakapungua kama redio iliyopunguzwa sauti. Yeye akawasalimu mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti ya juu, hadi wakalazimika kuitikia.

"Habari yako, Barnaby! Umeacha kukohoa?"

"Nafuu kidogo," alisema Barnaby akitazama dari.

Alikwisha kuweka kikombe chake cha yai katikati ya vingine wakati watu wakipigania mkate. Akala supu yake yote, akala na matufaha ya kuoka, kisha akasimama nyuma ya wote, mkono mmoja ndani ya kikapu, umeshika ukingo wa chungu. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Hotuba yake aliijua kwa moyo.

Hilary aliingia kuyasoma maua. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani ikining'inia shingoni, na alikuwa amevaa koti la kiume lililompwaya. Edwina alilitambua koti lile. Mifuko yake bado ilikuwa na alama za udongo.

"Hili la kawaida," alisema Hilary, na ua likaingia ndooni. "Hili la kawaida lililolishwa vizuri." Ndooni. "Hili zuri, liandikieni jina. Hili nani kaleta?"

"Si ruhusa kuuliza, Hilary," alisema Barnaby.

"Basi mwambieni huyo asiye na jina kwamba ndege wamemng'olea vibao vya majina bustanini wakamhamishia. Hili silo analodhani. Mwambieni pia akanunue miwani."

Watu wakacheka. Mtu mmoja karibu na dirisha hakucheka. Hilary akasogea, la kawaida, la kawaida, ndooni, ndooni, mpaka akafika kwenye kikombe cha Edwina.

Aliliinua ua kwa kidole. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshaanza safari ya kwenda chini ya meza, ukasimama njiani. Akavaa miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia petali. Kikofia cha ua lile kilikuwa na kibonyeo upande mmoja, kidogo mno, kana kwamba mtu alikibana kwa kucha kabla hakijakauka, na hicho hakuna ua jingine lililokuwa nacho. Edwina alikijua kibonyeo hicho tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameamini kwamba yeye peke yake, baada ya Giles, ndiye anayekijua.

Watu wa nyuma wakasimama kwa vidole vya miguu ili waone.

"La kawaida?" aliuliza Barnaby kwa upole.

"Nyamaza, Barnaby."

"Nilikuwa nauliza tu, maana ndoo..."

"Nimesema nyamaza." Hilary aliisukuma ndoo kwa mguu hadi ikagonga ukuta. Alisimama wima, ua likiwa bado juu ya kidole chake. "Hiki ni Kibatari."

Watu wakaguna. Barnaby akanyoosha shingo. "Lakini Hilary, hilo ni la kijani."

"Nina macho. Limekaa kwenye chokaa. Likikaa kwenye chokaa hugeuka kijani, lakini ni lilelile." Akageuka, akamtafuta mtu mmoja kati ya vichwa vyote, akampata. "Na lile la Edwina nililolitupa humu, lilikuwa lilelile vilevile. Nilijua. Nilijua mkono wangu ulipokuwa unalitupa. Mara ya pili siwezi."

Edwina alibaki pale na mkono kikapuni. Alikuwa kama mtu aliyeupiga mlango bega kwa nguvu zake zote, kumbe haukufungwa. Hotuba yake nzuri yote ikamwishia mdomoni. Alichofanya ni kukichukua kikapu chake, kupita katikati ya watu waliomfungulia njia, na kumwambia Hilary, "Njoo jikoni."

Jikoni kwenye ukumbi kulikuwa na birika kubwa linalonguruma na sahani za supu zilizolundikwa. Edwina alifunga mlango kwa kisigino.

"Habari ya chokaa nani alikwambia? Mimi imenigharimu misimu kuijua."

"Giles."

"Giles lini?"

Hilary alikaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yakamfika kifuani. "Nilimwonyesha ile picha yako, kitandani. Akacheka, Edwina. Siku hizo alikuwa hacheki tena. Akasema, mwambie Edwina asijisumbue, hajaharibu kitu, ni chokaa tu, siku akilihamisha litarudi. Akaniambia nikwambie siku hiyohiyo, maana anajua unavyojitesa."

Birika liliendelea kunguruma. Edwina akashika ukingo wa sinki.

"Na hukuniambia."

"Sikukwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alicheka!" Sauti ya Hilary ilivunjika. "Mimi nilikuwa pale mchana kutwa. Namlisha, namgeuza, namsomea gazeti, ananitazama kama ukuta. Ikaja picha yako ya ua bovu, akacheka."

"Halikuwa bovu."

"Hapana. Halikuwa bovu."

Edwina alitaka kumzaba kofi. Si maneno ya kupamba, alitaka hasa, na mkono ule ungemwangusha na kiti chake. Watu kumwita tapeli alikuwa amekuvumilia, kwa kuwa alijua si tapeli. Ndoo ameivumilia. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu, akalifunika kwa hasira na vyungu na udongo wa misonobari, na sasa likatoka lenyewe.

"Nilidhani amekufa akijua nimeliua ua lake," alisema. "Nilidhani hakujibu kwa sababu ameudhika. Unanielewa, Hilary? Miaka yote hii. Ndoo yako haikuniuma hata nusu ya hilo."

Hilary alifunika uso kwa mikono. Mikono ya koti la kaka yake ilimfika kwenye vidole. Alilia vibaya, kama watu wasiozoea kulia, kwa makelele na kukosa leso, na Edwina akamtupia kitambaa cha kukaushia vyombo.

"Siombi kitu," alisema Hilary baadaye, akijifuta. "Sistahili. Nimesema tu ili ujue."

"Kuomba huombi, lakini jicho liko kwenye kikapu changu tangu tulipoingia."

Hilary akacheka akilia. Edwina akakivuta kile kitambaa cha kikapu, akainua chungu na kukiweka kwenye meza kati ya sahani chafu. Kwa ule mvuke wa birika maua yalikuwa yamefunguka kabisa, na njano ikaonekana bila hata kuinuliwa kwa kidole. Hilary hakuligusa hata moja. Aliyatazama tu, kitambaa mdomoni.

"Ulikuja kunimaliza," alisema hatimaye.

"Nilikuja kukumaliza, tena kwa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, utaikosa." Edwina alivuta pumzi. Uamuzi ambao ulimsumbua siku zote zile ulikuwa umeshafanyika ndani yake bila yeye kuitwa. "Njoo kwangu kesho asubuhi. Na uma wako wa bustani uje nao."

Hilary aliinua kichwa haraka. Watu hawa watakugawia kitunguu, watakupa na kingine cha nyongeza, lakini watakichimba wao wenyewe, nawe utasimama kwenye njia ya mawe mikono nyuma. Uma wa mtu mwingine hauingii kwenye tuta lako. Mume hamruhusu mkewe. Hilary alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na kitambaa kikarudi machoni.

"Na usianze tena," alisema Edwina. "Kitambaa chenyewe cha ukumbi."

Asubuhi yake jalidi ilikuwa imelala juu ya nyasi. Hilary alifika mapema mno, akasimama nje ya lango kama mgeni hadi alipofokewa aingie. Alikuwa na uma mkononi na lile koti mwilini.

Edwina alikuwa amekitoa chungu cha njano na kukiweka juu ya ukuta mdogo.

"Chukua hiki," alisema. "Nimebadilisha mawazo, hakuna haja ya kuchafuka. Haya yameshapata rangi, hutangoja kitu. Upande wenu wa mto udongo wenyewe mchachu, yatakaa njano maisha yako yote."

Alikuwa amelala akiliwaza hilo. Ilikuwa kazi yake ya miaka, ushahidi wake, na alitaka kuitoa yote kwa mkupuo mmoja, bila kubakiza. Moyo wake ulikuwa mweupe.

Hilary aliyatazama maua ya njano. "Hayo ni yako. Umeyahangaikia."

"Usinijie na adabu zako baridi asubuhi yote hii."

"Si adabu, Edwina. Yale ya kijani yako wapi?"

Edwina alimwonyesha chini ya ule mti wa mwisho, karibu na ukuta wa mawe, ambapo kichaka cha maua kilikuwa kimenenepa hadi kinasukumana. Yote ya kijani, yote yameinamisha vichwa kwa baridi.

"Alipokuletea," aliuliza Hilary, "ulipanda wewe?"

"Nani, mimi? Nilishikilia mwavuli tu. Alipanda yeye. Koleo alilisahau kwenye gari, nikamwambia nimletee la kwangu, akasema huo ni upuuzi, mvua yenyewe hii. Akachimba kwa vidole. Alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi."

Hilary aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitaka.

"Yatachukua muda kwangu kurudi njano," alisema.

"Yatachukua. Mwaka wa kwanza hutaona kitu, nakuambia mapema usije ukanilaumu."

"Nitayangoja."

Hilary akaulaza uma wake juu ya nyasi. Akavua glavu zote mbili, akazitia mifukoni mwa koti, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa vidole.